Kwa Kauli Moja

Tulipokwisha kumzika Mwalimu Leokadia, nyuma ya nyumba yake kule Kirua Vunjo, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, tulikaa chini ya turubai kula. Kabla sahani hazijapoa, ubishi ulikuwa umeshaanza mezani kwetu. Deo, mpwa wa marehemu, ambaye anafanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, alisema kwamba angekuwa yeye ndiye anayepanga mitaala, somo la Uraia lingekuwa la hiari sekondari. "Anayelitaka alichukue. Mtoto wa leo afundishwe kompyuta, afundishwe kufuga, kitu kitakachomfikisha mahali. Hayo ya nguzo za demokrasia unakariri, unayamwaga kwenye mtihani, kwisha." Mama aliyeketi mbele yake akaacha kutafuna. "Wewe, kaburi la mwalimu wa Uraia bado bichi, unasema hayo?" Deo akajibu, "Shangazi mwenyewe angenipa nafasi niseme," na meza nzima ikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi nilitazama ndizi kwenye sahani yangu. Nilikuwa na jibu, tena refu, lakini mimi ni mtu asiyeweza kutoa jibu mpaka aliandike, alifute, aliandike tena. Kwa hiyo naliandika sasa, siku tisa zimepita, na Deo amesharudi kazini.

Nina miaka thelathini na mmoja. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na kumi na tisa, na nilikuwa nimefeli kidato cha nne. Sitaeleza kwa nini nilifeli, ni hadithi ndefu na hainipendezi. Nilihama Shirimatunda, kule Moshi mjini, nikapanda Kirua kujisomea, nirudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa vitabu vya kuazima na madaftari ya watu waliofaulu. Nilipanga chumba kwa Mama Oliva, mjane wa miaka hamsini na kitu. Upande mmoja wa chumba ukuta ulipakana na zizi, nikasoma historia nzima ya ukoloni nikisikia ng'ombe akicheua. Upande mwingine kulikuwa na stoo ya ndizi zilizofunikwa zikiivia mbege, pombe yetu ya ndizi, na harufu yake tamu ilipenya hadi kwenye shuka. Ukutani nilibandika ratiba iliyogawanya siku katika vipande vya dakika arobaini. Nikikosea neno moja kwenye ukurasa, nilichana ukurasa wote na kuuanza upya. Nilidhani hiyo ni bidii. Leo najua ilikuwa hofu. Niliamini kwamba nilifeli kwa sababu mahali fulani niliacha doa, na kwamba maisha yasiyo na doa yatanisamehe.

Mama Oliva hakuwa na ratiba yoyote na hakuna kazi iliyomshinda. Alikamua, akakata majani, akatwanga, akapika kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, kikiwa kizito kiasi kwamba mwiko ulisimama wenyewe. "Kula, Resti," aliniambia. "Hata hao wenye digrii wanakula." Mwaka ule moyo wake wote ulikuwa kwenye kitalu. Mibuni ya marehemu mumewe ilikuwa imezeeka, akaing'oa mmoja mmoja, na pembeni ya nyumba akaotesha miche ya kahawa zaidi ya mia tatu, apate kuipanda mvua za vuli zikianza. Kiangazi miche ile iliishi kwa maji ya mfongo, mfereji wa wazee unaoshuka kutoka juu mlimani na kupita mashambani kwa zamu. Zamu yake ilikuwa Alhamisi mchana. Alhamisi Mama Oliva hakupokea mgeni, wala hakwenda sokoni. Alivaa mabuti ya mumewe, akasimama na jembe akiyangoja maji kama mtu anayengoja ndugu kutoka safari.

Mwalimu Leokadia alitufundisha watu saba katika chumba cha kigango, kanisa dogo la kijiji, mchana baada ya saa nane, kwenye benchi za watoto wa komunyo zilizotulazimisha kukunja magoti hadi kidevuni. Alifundisha Historia, Kiswahili na Uraia, ambalo sote tuliliita Siviksi. Siku ya kwanza nilimwendea na karatasi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya masomo, nikaona Uraia ndilo la kutupa. "Shikamoo Mwalimu. Mimi nitasoma Historia na Kiswahili tu." "Marahaba. Basi utafute mwalimu mwingine." Nilidhani anatania. "Hapa kwangu Uraia ni lazima," alisema huku akifuta ubao kwa ncha ya khanga yake. "Historia unaweza kuiacha, waliokufa hawatakudai. Ila kijiji utaishi nacho." Nilikasirika sana. Nilikaa kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kunifundisha, na ninamshukuru kwa kunilazimisha. Nasema hivi nikijua ubaya wa kulazimishwa. Deo ana haki katika jambo moja: niliyakariri yale yote kama kasuku. Somo lenyewe lilikuwa kwa Kiingereza, nami niliweza kuandika kurasa mbili kuhusu kazi za mkutano mkuu wa kijiji kwa Kiingereza safi bila hata mara moja kufikiri kwamba mkutano huo ni ule uliokuwa unafanyika mita mia tatu kutoka chumbani kwangu, chini ya bati la ghala la zamani la kahawa.

Mwalimu aliijua hila hiyo, na dawa yake ilikuwa kututuma mkutanoni. Mwezi wa sita alituambia twende sote saba, tukae kimya, tuandike muhtasari, naye atausahihisha. Alama ishirini. Nilinunua kalamu mpya mbili. Ghala lilijaa, wanaume mbele kwenye mabenchi, akina mama kwenye magunia na kwenye nyasi nje. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kasiani, mtu mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya saa ya kukamua. Ajenda kubwa ilikuwa zamu za maji kwa kiangazi. Mzee Gaspari, mkuu wa kamati ya mfongo, alisimama akasoma majina ya waliokosa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo siku za Jumamosi. Kanuni ilikuwa ya tangu enzi: ukikosa mara tatu, zamu yako anapewa mwingine hadi mvua zirudi. Jina la tatu lilikuwa la Mama Oliva. Hapo ndipo aliponyanyuka kutoka kwenye gunia, na alipoanza kusema alisema Kichagga. Mikutano yetu ilikuwa hivyo, na nadhani bado iko hivyo. Somo tulisoma kwa Kiingereza, mkutano ulifunguliwa kwa Kiswahili, na hasira ilitoka kwa Kichagga. Alisema kwamba alikuja. Jumamosi zote tatu alipanda na jembe lake mpaka kichwani mwa mfongo, kule maji yanakochepushwa kutoka mtoni, na zote tatu walimrudisha kwa kuwa desturi haimruhusu mwanamke kuchimba kule. "Mnanirudisha njiani, halafu mnaniandika mtoro?" Mzee Gaspari alimjibu, naye kwa Kichagga, kwamba mwenye kihamba, shamba la ukoo, anatuma mwanamume. "Nimtoe wapi? Nimfukue?" Akina mama wakaangua kicheko, wanaume wakaguna, Mzee Kasiani akatazama jua. "Jamani, jamani. Tumekubaliana?" Kukatokea mngurumo, na mngurumo ule ukahesabiwa kuwa ndiyo.

Mimi kalamu ilikuwa imesimama. Sikuwa nimeandika neno tangu Mama Oliva aanze. Nilifundishwa kwamba muhtasari huandikwa kwa Kiswahili sanifu, kwamba hauchukui kelele, kwamba mchango usio kwenye ajenda huenda kwenye mengineyo, na mengineyo bado hayajafika. Nilielewa kila alichosema, na sikujua pa kukiweka. Usiku huo niliandika rasimu nne, na ya nne nikaandika hivi: "Wajumbe waliridhia mabadiliko ya zamu kwa kauli moja." Nakumbuka nilivyoipenda sentensi ile. Ilikaa kwenye mstari kama shati lililopigwa pasi. Mwalimu Leokadia alinipa kumi na nane. Mtendaji wa kijiji, kijana mgeni pale ambaye alikuwa na kazi nyingi na mwandiko mbaya, alipoona karatasi yangu alipiga mluzi. "Dada, hii ni kompyuta au mkono?" Akaniomba niinakili kwenye kitabu cha kijiji, nami nikafanya hivyo kwa furaha ambayo hadi leo ikinijia nikiwa napika, nasimama.

Mwezi wa saba Mama Oliva alikwenda ofisi ya kata kulalamika. Alirudi saa nane, akavua viatu mlangoni, akaweka karatasi mezani kati ya bakuli la maharage na kikombe cha chai. Walikuwa wamempa nakala ya muhtasari. "Nisomee, mwanangu, miwani yangu imevunjika mguu." Niliutambua mwandiko kabla sijaushika. Nilisoma yote, tarehe, waliohudhuria, kufungua mkutano, nikiomba kwamba ajenda ya nne, ile ya maji, isifike, ikafika. Nikasoma ile sentensi. Mama Oliva akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Mimi siku ile nilinyamaza?" aliuliza. Hakuwa akinituhumu. Alikuwa akiuliza kweli, kama mtu anayeanza kushuku kumbukumbu yake. "Kule kata wameniambia, 'Mama, kijiji kizima kilikubali na wewe ukiwemo, unalalamika nini?'" Ningeweza kukiri pale pale. Nilisema, "Maharage yanapoa." Hilo ndilo neno la aibu kuliko yote niliyowahi kusema, na lina maneno mawili tu.

Nilianza kuchota maji kwa ndoo. Ratiba yangu ya dakika arobaini ilikufa. Nilishuka bondeni asubuhi na jioni, nikamwagilia miche kwa kopo, mmoja baada ya mwingine, na Mama Oliva akaniombea kwa watakatifu wote akidhani ni huruma. Ndoo haziwezi kushindana na mfongo. Kufikia mwezi wa nane, theluthi ya miche ilikuwa imekauka, na iliyobaki ilikunja majani kama mikono ya wazee. Sikulala vizuri. Mwishowe nilimfuata Mwalimu Leokadia nyumbani kwake, nikamkuta akichambua mchele, nikamwambia yote nikilia, na nikamaliza kwa kusema naacha masomo. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia kutoka kwa mwalimu: "Na mimi nilikuwepo, Resti. Nilikaa nyuma ya Mama Oliva kabisa. Nilisikia kila neno, nikasoma karatasi yako, nikaona nafasi za aya zimekaa vizuri, nikakupa kumi na nane." Akaweka ungo chini. "Tumekosa wawili. Sasa niambie, muhtasari unakuwa halali lini?" Nilijibu kama kasuku: ukithibitishwa na mkutano unaofuata. "Umethibitishwa?" "Bado." "Basi wewe unalilia nini kitu ambacho hakijaisha?" Nilimwomba aniendee yeye kwa mwenyekiti. Alikataa kata kata. Alisema hataniambia niseme nini wala hatanishika mkono, ila kabla ya siku ya mkutano nimwambie Mama Oliva, kwa kuwa si heshima mtu kusikia habari zake mkutanoni.

Nilimwambia jioni hiyo, jikoni, akikoroga mtori wa ndizi. Hakupaza sauti. Alinipakulia, akanisogezea bakuli, akachukua lake akaenda kula zizini kwa ng'ombe. Siku mbili tulikula hivyo. Siku ya tatu alirudi mezani akasema, "Mumeo mtarajiwa ana kazi," na sijui hadi leo alimaanisha nini, lakini nilikula.

Mkutano ulifanyika katikati ya mwezi wa tisa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mikutano yetu anajua kwamba ajenda ya kuthibitisha muhtasari ni ya watu kutafuta pa kukaa. Mtendaji alisoma haraka, watu wakisalimiana, Mzee Kasiani akiwa tayari amefunua ukurasa unaofuata. "Kuna masahihisho? Hakuna. Tu..." Nikasimama. "Mwenyekiti, kuna kosa kwenye ajenda ya nne." Kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Resti! Nukta imepinda?" Ghala likacheka. Mwingine akasema, "Huyu si wa Shirimatunda? Anafanya nini hapa?" Hapo ndipo kitu nilichokariri miezi minane kwa Kiingereza kilipotoka kwa Kiswahili bila kuniomba ruhusa. Nilisema mimi ni mkazi, nimetimiza miaka kumi na minane, na mkutano huu ni wangu pia. Kisha nikasema kwamba muhtasari uliandikwa na mimi, kwamba haikuwa kauli moja, kwamba Mama Oliva alipinga na mimi niliyaacha maneno yake kwa sababu hayakukaa vizuri kwenye karatasi.

"Alisema Kichagga," Mzee Gaspari alisema. "Mkutano unaendeshwa kwa Kiswahili."

"Meku, mzee wangu, wewe ulimjibu kwa lugha gani?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mwalimu Leokadia, kutoka kwenye nyasi nje, na ndilo neno pekee alilosema siku nzima. Kicheko safari hii kilianzia kwa wanaume. Mzee Kasiani akagonga meza, akamwuliza Mama Oliva alisema nini mwezi wa sita. Mama Oliva akarudia, kwa Kichagga kile kile, bila kupunguza hata yale ya kumfukua marehemu, na mtendaji akawa anamuuliza jirani yake na kuandika. Kisha mwenyekiti akamgeukia Mzee Gaspari. "Alikuja au hakuja?" Nilidhani yule mzee atazunguka. Alikuwa mtu mgumu, mwenye kuujua mfongo ule jiwe kwa jiwe, na kila mtu alimwogopa kidogo. Alisimama, akavua kofia. "Alikuja," alisema. "Mara tatu. Nilimrudisha mimi." Akakaa. Nimeona watu wakisifiwa kwa ushujaa ambao haukufikia nusu ya kukiri kule.

Ubishi ulichukua muda, ng'ombe wa kijiji kizima wakachelewa kukamuliwa. Lakini safari hii Mzee Kasiani hakuhesabu mngurumo. Alitaka mikono, akaihesabu mara mbili, akina mama wa kwenye nyasi wakiwemo. Iliamuliwa kwamba aliyerudishwa si mtoro, na Mama Oliva akarudishiwa Alhamisi yake. Wanaume kadhaa walipinga, na majina yao yaliandikwa. Kitabu kililetwa kwangu nikapiga mstari juu ya sentensi yangu, mtendaji akaandika juu yake. Miche mia mbili na kidogo ilifika msimu wa vuli. Mtihani nilifaulu, ingawa si kwa namna niliyoiota: Historia B, Kiswahili B, na Uraia, katika masomo yote, C. Mwalimu Leokadia aliposikia alicheka hadi akashika mbavu. Kwa hiyo, Deo, hili ndilo jibu langu. Lingekuwa la hiari, mimi ningeliacha, na wa aina yangu, wenye kuogopa doa, wangeliacha wote. Somo lile halikunifundisha nguzo za demokrasia. Lilinifundisha kwamba ipo ajenda ambayo watu wanaitumia kutafuta pa kukaa, na kwamba ndani yake mtu anaweza kurudishiwa maneno yake. Kitu kama hicho hakiachwi kwa anayekitaka tu, kwa kuwa tunaokihitaji zaidi hatujui kwamba tunakihitaji. Lakini lifundishwe alivyolifundisha yeye, mlango ukiwa wazi na kijiji kikiwa ndicho kitabu. Vinginevyo wewe ndiye mwenye haki.

Suala la wanawake kuchimba kichwani mwa mfongo halikuamuliwa siku ile. Liliahirishwa, kama mambo mengi ya haki yanavyoahirishwa. Jumamosi iliyofuata Mama Oliva alivaa yale mabuti akapanda na jembe, na nyuma yake walikuwa akina mama kumi na mmoja, Mwalimu Leokadia akiwa wa mwisho kwa sababu ya goti lake, na mimi nimembebea koleo. Mzee Gaspari alikuwa amesimama mahali maji yanapoachana na mto. Alitutazama tukikaribia, kisha akasogea pembeni. "Anzieni huku," alisema, akionyesha upande wa bonde. "Huku udongo ni laini." Mama Oliva akamshukuru, "Aika, meku," akampita, akaenda kuanzia kule kwenye mawe.